Sakafu na Kigae: Maneno ya Ujenzi na Ukarabati wa Nyumba za Kale, Mombasa Bara

Historia ya nyumba za Likoni, Kisauni na Changamwe aghalabu hutafutwa katika kuta. Lakini sehemu yake imehifadhiwa katika maneno. Nyumba ya kawaida ilisimamishwa kwa boriti na fito za mikoko, ikakandikwa udongo, ikapakwa chokaa na kuezekwa makuti. Nyumba ya mawe ilijengwa kwa matumbawe, na chokaa yake ikachomwa kutokana na matumbawe yayo hayo.

Neno sakafu latokana na Kiarabu saqf, yaani dari au paa. Katika nyumba ya ghorofa, tabaka la chokaa na kokoto lililolazwa juu ya boriti lilikuwa dari kwa walio chini na sakafu kwa walio juu; yaelekea ndipo maana ilipohamia. Leo hata nyumba isiyo na ghorofa husemwa ina sakafu. Kigae nacho kilikuwa kipande cha chungu kilichovunjika, kisha kikawa cha kuezekea, mfano wa vile vya Mangalore, Bara Hindi, ambako Misheni ya Basel ilianzisha kiwanda mwaka 1865. Sasa chatandikwa hata sakafuni.

Ukuta, hata hivyo, haupokei mageuzi kwa wepesi kama neno. Saruji ikipakwa juu ya matumbawe huzuia unyevu usitoke, chumvi ikala jiwe kwa ndani. Chokaa huupitisha nje. Kwa hiyo mkarabati ahitaji kwanza fundi wa chokaa, ambaye ndiye pia mhifadhi wa msamiati huu.