Vipepeo Wakavu wa Fremu: Hutengenezwa Aje, na Mbona Si Haso ya Kubahatisha

Zile fremu za kioo ziko na kipepeo ametandaza mabawa si picha. Huyo ni mdudu halisi, amekaushwa. Kuna wasee majuu hukusanya hawa kama vile wengine hukusanya stempu, na hulipa doo. Kabla mtu akuingilie inbox akikutuma "wachache tu" pale Karura ama Oloolua huko Karen, soma hii kwanza.

Hutengenezwa aje?

Rangi ya kipepeo ni vigamba vidogo kama vumbi. Ukimshika ovyo, zinabaki kwa vidole. Kwa hivyo akishakufa, huwekwa ndani ya karatasi imekunjwa pembetatu. Akikauka anakuwa kama krispi, ukimfungua anavunjika. Dawa ni kumweka kwa mkebe wenye unyevu mpaka alegee. Halafu pini nyembamba inapitishwa katikati ya kifua, mabawa yanatandazwa kwa ubao wenye mfereji, na yanashikiliwa na vipande vya karatasi mpaka yakauke tena. Baada ya hapo maadui ni watatu: jua, unyevu, na wadudu wadogo wenye hula wadudu wakavu.

Mali iko kwa lebo

Chini ya pini kuna kakaratasi: alishikwa wapi, lini, na nani. Bila hiyo, huyo ni pambo la ukuta tu. Ukiwa nayo, unaweza kujua mtaa ulikuwa na vipepeo gani kabla ploti na maghorofa zikuje.

Nairobi wako wapi?

Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, karibu tu na tao, yako hapo tangu 1930 na yana idara nzima ya wadudu. Steve Collins naye alianzisha African Butterfly Research Institute hapa Nairobi, yenye mkusanyiko mkubwa sana wa vipepeo wa Afrika. Kenya pekee ina aina zaidi ya 800.

Sheria inasema nini?

Sheria ya wanyamapori ya 2013 haiangalii ndovu na simba pekee. Mdudu wa porini pia yumo. Mei 2025, korti ya JKIA ilipiga vijana wawili Wabelgiji faini ya milioni moja kila mmoja, ama miezi 12 ndani, juu ya sisimizi karibu 5,000. Ndio, sisimizi. Mkenya mmoja kwa kesi kama hiyo alipata adhabu hiyo hiyo. Usidhani kipepeo ataangaliwa tofauti. Bila kibali, mnunuzi atapanda ndege na wewe utabaki na kesi.

Njia safi iko?

Iko. Kule Gede, Kilifi, mradi wa Kipepeo tangu 1993 umesaidia wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa nje, wakiwa hai. Msitu ukikatwa, biashara inakufa, so wanaulinda.

Wewe uko Kangemi ama Kawangware na unapenda tu vipepeo? Piga picha, andika mahali na tarehe, kisha uiweke iNaturalist. Hiyo tayari ni lebo, na kipepeo ameenda zake.