Chaja ya nyumbani ya gari la umeme

Chaja ya nyumbani ya gari la umeme ni kifaa kinachofungwa nyumbani, aghalabu kwenye ukuta wa gereji au mahali pa kuegesha, ili kupeleka umeme kwenye betri ya gari. Birika la umeme huvuta mkondo mkubwa kwa dakika chache tu, lakini gari huvuta mkondo wa namna hiyo au zaidi kwa saa nyingi mfululizo, mara nyingi usiku watu wakiwa wamelala. Kwa sababu hiyo hali ya nyaya za nyumba huangaliwa kwanza, kabla ya kuchagua chaja.

## Jinsi inavyofanya kazi

Umeme wa gridi ni mkondo geu, ilhali betri hupokea mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu. Kazi ya kuubadilisha hufanywa na kigeuzi kilichomo ndani ya gari. Kifaa cha ukutani hukagua kama gari limeunganishwa sawasawa, hulijulisha kiasi cha mkondo linachoruhusiwa kuvuta, na hukata umeme hitilafu ikitokea.

Kasi ya kuchaji hutegemea kilicho kidogo kati ya uwezo wa nyaya, wa chaja na wa kigeuzi. Gari lenye kigeuzi cha kilowati 3.3, kama baadhi ya Nissan Leaf za mwanzo, halichaji haraka zaidi hata likiunganishwa kwenye chaja ya kilowati 7.4.

## Viwango vya nguvu

Nguvu hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Kwa umeme wa volti 230:

* soketi ya kawaida, ampea 10: kilowati 2.3
* chaja ya fezi moja, ampea 32: takriban kilowati 7.4
* chaja ya fezi tatu, ampea 16: takriban kilowati 11
* chaja ya fezi tatu, ampea 32: takriban kilowati 22

Betri tupu ya kilowati-saa 40 huhitaji takriban saa 17 kwenye soketi ya ampea 10, na takriban saa 5 na nusu kwa kilowati 7.4, bila kuhesabu umeme unaopotea kama joto. Anayeendesha kilomita chache kwa siku huweza kutosheka na chaja ndogo, kwa kuwa hurudisha tu umeme alioutumia siku hiyo.

## Kuchagua

Kichwa cha kebo lazima kilingane na tundu la gari. Aina ya 1, yenye pini tano, hutumika Japani na Amerika ya Kaskazini. Aina ya 2, yenye pini saba, ni ya kawaida Ulaya. China ina kiwango chake, GB/T. Kwa kuwa Afrika Mashariki huingiza magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, mnunuzi hupaswa kulitazama tundu kabla ya kununua chaja.

## Ufungaji

Nchini Tanzania mafundi umeme hupewa leseni na EWURA, na nchini Kenya na EPRA. Fundi hujumlisha kwanza mahitaji ya nyumba nzima, kisha huvuta sakiti ya chaja peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka. Kwa ampea 32 hutumika mara nyingi waya wa shaba wa mm² 6, au mm² 10 umbali ukiwa mrefu.

Ethi hupimwa, kwa sababu mtu hugusa bodi la chuma la gari akiwa amesimama kwenye ardhi ambayo huenda imelowa. Breka ya kukata umeme unaovuja huwa ya milliampea 30. Mkondo mnyoofu ukivuja unaweza kuifanya breka ya kawaida ishindwe kufanya kazi. Hivyo huhitajika breka ya aina B, au ya aina A pamoja na kinga inayotambua milliampea 6 za mkondo mnyoofu.

## Hatari za soketi ya kawaida

Plagi ya pini tatu bapa inayotumika Kenya, Uganda na Tanzania huwa na fyuzi isiyozidi ampea 13. Soketi iliyolegea au kuchakaa hupata joto ikibeba mzigo kwa saa nyingi, na inaweza kuwaka moto. Waya wa ekstensheni haufai. Plagi ikiwa ya moto, ikinuka au ikibadilika rangi, kuchaji husimamishwa na fundi huitwa.

## Gharama

Gharama ya kuchaji ni idadi ya uniti mara bei ya uniti. Uniti moja ni kilowati-saa moja. Nchini Tanzania wateja wa TANESCO wa kundi la D1 hupata bei nafuu kwa uniti 75 tu kwa mwezi. Kuijaza betri ya kilowati-saa 40 mara mbili huvuka kiwango hicho. Kenya iliweka mwaka 2023 bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme, iliyo nafuu zaidi katika saa ambazo matumizi ya umeme ni madogo.