Bei ndiyo rahisi

"Bibi, nipunguzie basi. Kazi yenyewe si rahisi tu?"

Binti alikuwa amepiga magoti mkekani, mtungo wa shanga nyekundu na nyeupe ukining'inia kidoleni. Bibi yangu hakuinua kichwa. "Bei ndiyo rahisi, mjukuu wangu. Kazi hujaiona."

Hapo ni Nandagala, wilayani Ruangwa, kijiji ambacho wengi hukijua kwa kuwa ni nyumbani kwa Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa 2015 hadi 2025. Mimi hunijia kwanza kwa mkeka ule na bakuli la bati lililojaa shanga. Neno rahisi tulilichukua kwa Waarabu, na kwao ni habari ya bei: kitu kisichogharimu. Sisi tukalitwika maana ya pili, kisicho kigumu, na tangu hapo maskini ya Mungu anayefanya kazi ya mikono kwa bei ya chini huonekana hajafanya kitu.

Kazi yenyewe ni hii. Bibi hatumii sindano. Hukata ncha ya mshipi mshazari, akaichomeka kwenye lundo la shanga bakulini, akaichezesha kidogo. Shanga tatu nne hupanda zenyewe, azisukume chini kwa ukucha. Ile yenye tundu dogo hutupwa. Ile iliyomeguka hutupwa upesi zaidi, maana kioo kilichomeguka ni kisu: siku moja itakata uzi na shanga zote zitamwagika sokoni mbele za watu. Mkono wa kulia unatunga, wa kushoto unahukumu.

Mshipi wake ni ule wa wavuvi, wa nailoni. Uzi wa pamba huoza kwa jasho, nailoni haiozi. Lakini mshipi pia ni mkanda wa kiunoni, kwa hiyo neno limezunguka likarudi lilikotoka: mshipi wa mvuvi umegeuka mshipi wa mwanamke. Nilipomwambia bibi hivyo alicheka, akasema wote wawili wanavua.

Kuhusu kutunga sitasema mengi. Washairi wameshajisifu vya kutosha kwamba wao na watunga shanga wana kitenzi kimoja. Mimi hunivutia zaidi kinyume chake. Funga, fungua, tunga, tungua. Anayetungua embe mtini hajui kwamba anatumia kitenzi cha mtu aliyekuwa akivua shanga kutoka uzini. Ushanga nao una ujanja wake. "Ushanga umedondoka" ni punje moja. "Ushanga wangu umekatika" ni mtungo mzima. Msikilizaji huamua kwa kitenzi, na sijawahi kuona aliyekosea.

Neno ninalolionea huruma ni kete. Richard Burton, aliyepita na misafara kutoka pwani mwaka 1857 hadi 1859, aliandika kwamba kete ya shanga ni urefu wa kutoka kidole gumba hadi kiwiko, mara mbili, sawasawa na kuzunguka shingo mara mbili. Na kete kumi ni fundo moja. Mwili wa mtu ndio ulikuwa mizani. Shanga nyekundu za samesame aliziorodheshea majina ya utani, moja likiwa na maana kwamba zinamaliza chakula, jingine kwamba zinavunja mji, kwa jinsi wanawake walivyozipagawia. Leo kete imebaki kwenye bao, ikabaki pia kwenye taarifa za polisi, kipimo cha dawa za kulevya kilichofungwa kwenye karatasi. Kutoka shingoni mpaka mahakamani! Neno halikufanya kosa lolote.

Semina moja ya ujasiriamali niliyowahi kuhudhuria ilitutaka tutafute neno moja la Kiswahili litakalobeba kila kinachotengenezwa kwa shanga. Mmoja akasema vikorombwezo, ukumbi ukaangua kicheko, maana vikorombwezo ni makava ya simu na madoido ya pikipiki. Mapambo? Hata ukumbi wa harusi una mapambo. Vito ni mawe ya thamani, na bakuli la bibi halina jiwe. Mwishowe ubaoni pakaandikwa "bidhaa za urembo zitokanazo na shanga", maneno sita ambayo hakuna mteja atakayeyatamka akiwa na haraka. Kwa maoni yangu neno lile halikuhitajika. Mvaaji haingii dukani kutafuta jumla. Anatafuta kidani, kipuli, kikuku. Akitaka mkanda mpana wa shanga, kamusi inamwekea kondavi. Na zile za kiunoni, ambazo sasa tunaziita kwa mzunguko shanga za kiunoni, zina jina lake fupi, utunda. Nadhani limefifia kwa sababu ya siri yake. Kusini huku shanga hizo mwali hukabidhiwa na kungwi unyagoni, na yanayosemwa humo hayatangazwi sokoni. Jina lisilotajwa hadharani husahaulika hata kama kitu chenyewe kinavaliwa kila siku.

Yule binti alirudi baada ya wiki chache, shanga zake zimefungwa kwenye leso, uso umemvimba. Zimekatika, akasema, hizi za rahisi ndivyo zilivyo. Bibi alifungua leso, akaziacha shanga, akaushika mshipi na kuusogeza machoni. Fundo kwetu lina kazi nyingi: fundo la uzi, fundo la maji kinywani, fundo la moyoni. Yeye alikuwa akilitazama la kwanza.

"Fundo hili si langu."

Binti akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba zilikuwa zikimpwaya, akazipunguza mwenyewe.

Bibi akamimina shanga bakulini, akachagua, akatupa mbili. Akakata mshipi mpya, akampima kwa viganja kiunoni juu ya khanga, akaanza upya. Giza lilikuwa limeanza kuingia alipovuta fundo kwa meno.

"Shilingi ngapi, bibi?"

"Nipe ya mshipi tu."