Bujora na Ngoma za Usukuma

Kilima cha Bujora kiko Kisesa, wilayani Magu, kilomita zipatazo 20 kutoka jiji la Mwanza kwa barabara iendayo Musoma. Juu yake pana Makumbusho ya Wasukuma, kanisa la mviringo, mahali pa kuchongea ngoma na uwanja wa kuzichezea. Hapo, kusini mwa Ziwa Viktoria, mgeni huweza kuona kwa pamoja sanaa za mikono na michezo ya Wasukuma. Hata hivyo, karibu kila kinachooneshwa Bujora kilizaliwa mbali na kilima hicho: shambani, mawindoni, kwa waganga, na katika mashindano ambayo yametawala uchezaji wa Usukuma kwa zaidi ya miaka mia moja.

Jembe ndilo chombo cha kuanzia. Ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, katika nchi ya Uzinza, waliishi Walongo, wafua chuma waliosifika kote kandokando ya ziwa. Waliyeyusha udongo wenye chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyolimia mashamba, yaliyotolewa mahari, na yaliyouzwa hadi Unyamwezi. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipoingia kwa wingi na kwa bei ndogo, kazi ya kuyeyusha chuma ilififia. Jembe lenyewe halikupoteza heshima. Wasukuma walilima kwa vikundi vya vijana waliojipanga mstari, wakifuata mdundo wa ngoma na sauti ya manju, yaani mtunzi na mwimbishaji wao. Aliyehitaji shamba lake limalizwe haraka alikiita kikundi na kukilipa chakula, mifugo au fedha. Kilimo cha pamba kilipopanuka baada ya Vita Kuu ya Pili, kazi ya vikundi hivyo iliongezeka. Ni pamba hiyo iliyozaa ushirika mkubwa wa Kanda ya Ziwa chini ya uongozi wa Paul Bomani katika miaka ya 1950.

Kutokana na kilimo hicho ikakua bugobogobo, ngoma ya majembe. Ngoma kubwa hupigwa kwa nguvu, wachezaji huinua majembe na kuyashusha kwa pamoja, huyazungusha na kuyarusha hewani, kisha huyadaka bila kupoteza hatua. Ustadi huo ulikuwa na faida ya wazi: mdundo ulisawazisha kasi ya wakulima, na anayelegea alionekana mara moja.

Wawindaji nao walikuwa na chama chao. Banunguli, wawindaji wa nungunungu waliozoea kuingia katika mashimo ya mnyama huyo, walikuwa na nyimbo na uchezaji wao. Bayeye walishughulika na nyoka. Walijua kuwakamata, walijua dawa za kutibu walioumwa, na mpaka leo mchezaji anayejiviringishia chatu mwilini huvuta watu kuliko mwingine yeyote uwanjani. Mtazamaji asiyejua historia hiyo huona kiini macho tu, ilhali mbele yake kuna elimu ya tiba iliyorithishwa kwa kiapo na mafunzo marefu.

Juu ya vyama hivyo vyote ukatanda ushindani wa Bagika na Bagalu. Simulizi za Usukuma zinautaja mwanzo wake katikati ya karne ya 19, kwa waganga wawili mahiri, Ngika na Gumha. Walishindana nani ana dawa zenye nguvu zaidi, na ngoma ikawa ndiyo mizani. Utaratibu wake ni mwepesi kueleza na mgumu kushinda. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watazamaji wako huru kuhama. Kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho mshindi. Kwa hiyo kila kikundi hutafuta dawa ya mvuto, nyimbo mpya, mavazi mapya na mbinu ambayo wapinzani hawajaiona. Vinyago vya watu na wanyama vilichongwa kwa ajili ya kazi hiyo, na hapa ndipo palipo na kiini cha uchongaji wa Usukuma: kinyago kilitakiwa kitembee, kishangaze na kuhamisha umati. Kukiona kimesimama kabatini ni kukiona nusu.

Ukatoliki ulifika Usukuma mwaka 1883, Wamisionari wa Afrika walipoanzisha misheni ya Bukumbi kusini mwa Mwanza. Ngoma zilizofungamana na dawa za waganga hazikuwa rahisi kupokewa na Kanisa. Mabadiliko makubwa yalikuja na Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, aliyeianzisha Bujora katika miaka ya 1950. Yeye na Wasukuma aliofanya nao kazi walikusanya vifaa, nyimbo na masimulizi, na kanisa likajengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo kwa kawaida huangukia kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Juni, ikaunganishwa na mashindano ya ngoma na kuitwa Bulabo. Majira hayo yalifaa sana. Mavuno yamekwisha, chakula kipo, na wakulima wana nafasi ya kucheza. Padre Clement alifariki mwaka 1986.

Serikali ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, watemi, yaani machifu wa Usukuma, walipoteza mamlaka, na ngoma zao za enzi zikakosa kazi. Bujora ikawa hifadhi ya sehemu ya urithi huo. Banda la watemi limejengwa kwa mfano wa kiti cha enzi, na mabanda mengine yanaeleza makazi, uhunzi, uganga na vyama vya wachezaji.

Uhuru uliipeleka bugobogobo jukwaani. Vikundi vya sanaa vya taifa viliicheza katika sherehe za serikali, shule zikaifundisha, na Watanzania wasiowahi kufika Mwanza wakaitambua. Jambo kama hilo liliwahi kuupata muziki wa flamenko huko Andalusia, Hispania, pale mikahawa ya karne ya 19 ilipoutoa majumbani na kuuweka mbele ya wateja. Jukwaa hufupisha. Ngoma ya kutwa nzima hugeuka dakika kumi, mpinzani huondoka, na mtazamaji hana tena haki ya kuhama ili kuamua mshindi. Si haki kuyaita maonyesho hayo ya uongo, kwa kuwa wachezaji wake ni mafundi kweli. Lakini anayetaka kuielewa ngoma ya Usukuma afike wakati wa Bulabo, au afuate mashindano ya vijijini baada ya mavuno, ambako wachezaji huchezeana wao kwa wao.

Nje ya msimu huo, Bujora hubaki mahali pazuri pa kujifunza kazi ya mikono. Gogo huchimbwa ndani hadi liwe mzinga, kisha ngozi ya ng'ombe huwambwa ikiwa mbichi ili ikaze inapokauka. Unene wa kuta na mkazo wa ngozi ndivyo vinavyoamua sauti, na fundi huijaribu kwa kiganja mara kwa mara kabla ya kuridhika.

Kwa anayetaka kujua pia maisha ya visiwa vya Ziwa Viktoria, kuna hazina nyingine ya kusoma. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ndefu kwa Kikerewe, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kilimo, uvuvi, pombe, tiba na adabu za ugeni vimeelezwa humo kwa undani ambao makumbusho hayaufikii. Kisiwa chenyewe hufikiwa kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio.