Kocha msaidizi akihamia kwa wapinzani: anaondoka na nini, timu ifanye nini?

Mpunga ukishavunwa, viwanja vya bonde la Kilombero huchangamka. Kuanzia Namawala na Idete hadi Ifakara mjini, timu za vijiji, shule na vyuo hutafutana. Katika msimu kama huo, habari kwamba kocha msaidizi ameonekana akifundisha timu pinzani inatosha kuwagawa watu kijiweni. Wapo watakaomwita msaliti, na wapo watakaosema riziki haina kwao.

Katika makala haya tunaeleza kazi ya kocha msaidizi, kanuni zinasemaje anapoondoka, na timu ndogo ifanye nini mapema ili isiumie.

Kwa nini kuondoka kwake kunauma?

Kocha mkuu ndiye anayepanga kikosi, na timu ikifungwa lawama ni zake. Msaidizi ndiye anayekaa karibu zaidi na wachezaji. Anawapasha misuli moto, anamfundisha mmoja mmoja, anakwenda kuwatazama wapinzani, na mara nyingi ndiye anayeandaa kona na faulo. Anajua nani ana goti bovu, nani hupoteza utulivu akizomewa, na nani hupiga penalti upande gani.

Kwa hiyo timu haipotezi mwalimu tu. Inapoteza pia mtu anayejua udhaifu wake.

Mifano tunayoijua

Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba, aliifundisha Lipuli ya Iringa mwaka 2019 ikaitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, kisha ikafungwa 1-0 na Azam katika fainali iliyochezwa Lindi. Baadaye akawa kocha mkuu wa Polisi Tanzania. Desemba mwaka huohuo, ligi ikiendelea, aliiacha nafasi hiyo akaenda Simba kuwa msaidizi. Simba na Polisi zilikuwa ligi moja. Mfano huu unaonyesha kwamba mtu anaweza kukubali cheo kidogo zaidi ili afanye kazi kwenye klabu kubwa.

Mfano wa pili ni wa kocha mkuu. Roberto Oliveira, maarufu kama Robertinho, aliiongoza Vipers ya Uganda kuitoa TP Mazembe mwaka 2022 na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 akahamia Simba, na Simba na Vipers zilikuwa kundi moja. Zilipokutana, Simba ilishinda 1-0 Uganda mwezi Februari, kisha 1-0 tena Dar es Salaam mwezi Machi, ikafuzu robo fainali. Lakini Novemba mwaka huohuo Simba ilifungwa 5-1 na Yanga, na Robertinho akaachishwa kazi.

Mfano wa tatu mashabiki wengi wa Arsenal wanaujua. Mikel Arteta alikuwa msaidizi wa Pep Guardiola pale Manchester City tangu 2016. Desemba 2019, katikati ya msimu, Arsenal ilimchukua awe kocha mkuu. Juni 2020 City ilimfunga 3-0. Mwezi mmoja baadaye, katika nusu fainali ya Kombe la FA, Arsenal iliitoa City kwa 2-0 na hatimaye ikachukua kombe. Hata hivyo City ndiyo iliyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 2023 na 2024, Arsenal ikiwa ya pili.

Tukiitazama mifano hii, siri alizobeba kocha zinaweza kusaidia katika mechi moja. Hazitoshi kumpa ubingwa, wala hazimlindi asifukuzwe.

Kanuni zinasemaje?

Mchezaji husajiliwa katika dirisha la usajili. Kwa makocha, FIFA haijaweka dirisha kama hilo. Kinachomfunga kocha ni mkataba wake.

Tangu Januari 2021, FIFA ina kanuni maalumu kwa ajili ya makocha wa klabu za kulipwa. Zinamhusu pia msaidizi, mradi kazi yake ni kufundisha na inahitaji leseni ya ukocha. Kanuni hizo zinataka mkataba uwe wa maandishi. Anayeuvunja bila sababu ya haki hulipa fidia, awe kocha au klabu. Klabu isipomlipa kocha mishahara ya miezi miwili, kocha anaweza kuidai kwa maandishi na kuipa siku 15. Ikishindwa kulipa, ana haki ya kuondoka.

Kwa waajiriwa wengi wa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa katika mwezi wa kwanza wa kazi, ambapo ni siku 7. Mgogoro ukizuka, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Na timu ya kijiji je?

Hapa ndipo penye shida. Kocha msaidizi wa timu ya kijiji mara nyingi hana mshahara. Anapewa nauli, maji ya kunywa na ahsante. Mtu wa kujitolea huwezi kumdai notisi ambayo hamkukubaliana. Kwa hiyo tunashauri mambo haya:

1. Andikeni makubaliano, hata ukurasa mmoja wa daftari. Yaonyeshe anaanza lini, anamaliza lini, posho yake ni kiasi gani, na akitaka kuondoka atoe taarifa siku ngapi kabla. Kocha na viongozi waweke sahihi, kila upande ubaki na nakala.

2. Mipira, jezi, koni na fomu za usajili za wachezaji zitunzwe na katibu. Kocha akiondoka, vikabidhiwe na kuhesabiwa mbele ya mashahidi.

3. Mlipeni mlichomwahidi. Kocha anayedai posho ya miezi mitatu hahitaji kushawishiwa sana.

4. Akishaondoka, badilisheni ishara za kona na faulo, na mpigaji penalti ajifunze upande mwingine.

5. Someni kanuni za mashindano yenu kabla ya wachezaji kumfuata. Mchezaji aliyesajiliwa timu moja akichezea nyingine katika mashindano hayohayo anaweza kuiponza timu ikanyang'anywa pointi.

Jambo la mwisho ni la mashabiki. Kumzomea kocha uwanjani ni sehemu ya mpira. Kumfuata nyumbani, kumtishia au kuwatukana watoto wake ni kosa, na viongozi wa timu wanapaswa kulikemea mapema. Elimu ya afya ya wachezaji wake, yaani majeraha na matibabu yao, nayo asiitangaze aliko. Kijana aliyemwamini bado anaishi kijijini, na huenda msimu ujao wakakutana tena upande mmoja.