Ifahamu Sarpagandha, Mzizi wa India Uliozaa Dawa ya Shinikizo la Damu

Sarpagandha, mmea unaojulikana kitaalamu kwa jina la Rauvolfia serpentina, ni miongoni mwa mimea michache ya tiba ya Ayurveda ambayo kiini chake kimetengenezewa vidonge na kutumika hospitalini katika mabara yote. Asili yake ni misitu iliyo chini ya milima ya Himalaya, jimbo la Assam na safu ya Ghats Magharibi nchini India, pamoja na Sri Lanka, Myanmar, Thailand na kisiwa cha Java. Katika Kisanskriti, neno "sarpa" lina maana ya nyoka. Wapo wanaolihusisha jina hilo na matumizi ya mmea kwa walioumwa na nyoka, na wapo wanaosema ni kwa sababu ya mzizi wake uliojipinda.

Ni kichaka kidogo kisichopukutisha majani, ambacho kwa kawaida hakizidi mita 1 kwa urefu. Majani yake hutoka matatu matatu kwenye kila kifundo cha shina, yakiwa ya kijani kinachong'aa upande wa juu na kilichofifia upande wa chini. Maua ni meupe yenye wekundu kidogo, na vikonyo vyake ni vyekundu kabisa. Tunda ni dogo na hugeuka zambarau iliyokaribia weusi linapoiva. Dawa, hata hivyo, imo ardhini. Mzizi mkuu, ulio mnene, mchungu na usio na harufu, huchimbwa baada ya miaka miwili au mitatu, na sehemu kubwa ya viambata vyake hukaa katika gome. Hivyo gome likichubuka wakati wa kuchimba au kusafisha, kinachopotea ni dawa yenyewe.

Kwa karne nyingi waganga wa India waliutumia mzizi huo kutibu homa, kukosa usingizi na maradhi ya akili, kiasi kwamba kwa Kihindi uliitwa "pagal ki dawa", yaani dawa ya kichaa. Mwaka 1931 Gananath Sen na Kartick Chandra Bose walichapisha taarifa kwamba unatuliza wagonjwa wa akili na kushusha shinikizo la damu. Mwaka huohuo Salimuzzaman Siddiqui na Rafat Hussain Siddiqui walitenga alkaloidi zake kadhaa, ikiwemo ajmalini, ambayo baadaye ilitumika kwa matatizo ya mapigo ya moyo. Taarifa hizo hazikusikika sana nje ya India hadi mwaka 1949, daktari wa moyo Rustom Jal Vakil wa Bombay alipochapisha katika jarida la Uingereza matokeo ya wagonjwa 50 wenye shinikizo la juu la damu. Mwaka 1952 watafiti wa kampuni ya CIBA mjini Basel, Uswisi, walitenga reserpini, kiambata kinachofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Reserpini huzuia neva kuhifadhi kemikali zinazobeba ujumbe, zikiwemo noradrenalini, serotonini na dopamini. Akiba hiyo ikiisha, mishipa ya damu hulegea, moyo hupunguza kasi na shinikizo hushuka. Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa hiyo hadi wakashindwa kujongea, kisha akawarejesha katika hali yao kwa kuwapa kemikali inayotengeneza dopamini. Kazi hiyo ilifungua njia ya tiba ya ugonjwa wa Parkinson, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Uwezo huohuo ndio chanzo cha madhara yake: pua kuziba, mapigo ya moyo kupungua mno, vidonda vya tumbo, na sonona inayoweza kumfikisha mgonjwa kwenye mawazo ya kujiua. Athari hudumu kwa siku nyingi hata baada ya kuacha dawa. Dozi ya kawaida ya reserpini haizidi miligramu 0.25 kwa siku. Gramu 1 ya unga wa mizizi wenye reserpini asilimia 0.15 ina miligramu 1.5, yaani mara sita ya dozi hiyo, na kwa macho hakuna awezaye kutofautisha unga mkali na hafifu. Mwenye historia ya sonona, vidonda vya tumbo au Parkinson, pamoja na mjamzito, hapaswi kuitumia. Anayemeza vidonge vya shinikizo la damu anapaswa kumweleza daktari kabla ya kuongeza unga wowote wa mizizi, kwa kuwa dawa mbili zinazoshusha shinikizo kwa pamoja zinaweza kumwangusha.

Jamaa wa mmea huu wapo pia Afrika. Rauvolfia vomitoria, ambayo mizizi yake ina reserpini nyingi kuliko sarpagandha, ilichimbwa Congo na kuuzwa kwa viwanda vya Ulaya. Msesewe, ambao gome lake huwapa Wachaga uchungu wa pombe ya mbege, ni Rauvolfia caffra. Undugu huo wa kibotania haumaanishi kwamba mmoja unaweza kuchukua nafasi ya mwingine katika tiba, kwani viambata hutofautiana kwa aina na kwa kiasi.

Kwa kuwa kuchimba mzizi ni kuung'oa mmea wote, sarpagandha ilipungua sana porini. Tangu mwaka 1990 imo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES, na biashara yake ya kimataifa huhitaji kibali cha nchi inakotoka.