Waliobeba Mizigo: Watakatifu na Watu wa Kawaida katika Njia ya Busia na Tororo



Toleo hili la ukumbusho limechelewa, na sababu ya kuchelewa kwake ni ubishi. Kamati ilipokaa kupanga ibada ya kuwakumbuka waliotuvusha mpaka Januari 2008, ilikubaliwa upesi kwamba ibada ianze kwa kusoma majina ya watakatifu wa njia ile. Ikaulizwa: majina ya nani? Hapo ndipo tuliposhindwana. Makatekista walitaka wale walioandikwa katika kalenda ya Kanisa. Ndugu zetu wa Kipentekoste walisema wao hawasomi majina ya wafu katika sala, wakatukumbusha kwamba Mtume Paulo katika barua zake aliwaita watakatifu watu waliokuwa hai, wa Korintho na Filipi, tena watu wenye magomvi kama sisi. Kisha mama mmoja, mjane, akasimama akasema yeye anataka akumbukwe mtu aliyemficha siku tatu ndani ya ghala la mahindi, yeye na watoto wake. Mtu huyo ni wa kabila lile lile la waliomchomea nyumba. Kikao kikavunjika.

Sisi tuliopewa kazi ya kuandika tumeombwa tueleze historia ya njia ile, ili kikao kijacho kiwe na kitu cha kushika.

Wengi wetu tunaijua njia hiyo kwa siku moja tu, siku ya kukimbia. Tuliotoka upande wa Eldoret na Turbo tulipitia Bungoma hadi Malaba; wengine walivukia Busia. Tulilala katika shule na makanisa ya mpakani, kisha tukapelekwa Mulanda, katika Wilaya ya Tororo, na baadaye mwaka ule ule tukaletwa hapa Kiryandongo. Vijana waliozaliwa hapa, na jirani zetu waliotoka Sudan Kusini, hawajauona ule mwamba wa Tororo ambao sisi tuliutazama kila asubuhi kwa miezi. Basi watuvumilie.

Mpaka wenyewe ni mgeni katika nchi ile. Hadi 1902 Busia, Mumias na hata Kisumu zilihesabiwa kuwa upande wa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakazihamisha kwa karatasi. Wasamia na Wateso wakajikuta wana shamba huku na kaburi la babu kule. Kwa hiyo mtu wa zamani tunayetaka kumtaja hakuvuka mpaka wowote. Alikuta njia ya misafara, mito na vijiji.

Huyo ni Askofu James Hannington, Mwingereza wa Kanisa la Anglikana. Aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, Julai 1885, akiwa na msafara wa watu wapatao mia mbili, akapita nchi ya Wamasai, akafika Kwa Sundu mwanzoni mwa Oktoba. Kwa Sundu ndiyo Mumias ya leo, makao ya Nabongo Mumia mwana wa Shiundu. Hapo aliwaacha wapagazi wengi, akaendelea na watu hamsini tu kuelekea ziwa na Busoga, akikata nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Busia mbili, ya Kenya na ya Uganda. Huko Busoga alikamatwa kwa mtemi Luba, akafungiwa siku nane, na 29 Oktoba 1885 akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Alikuwa na umri wa miaka 38. Mwishoni mwa 1892 mifupa yake ilizikwa Namirembe, na kalenda ya Waanglikana inamtaja kila 29 Oktoba.

Mpaka hapa habari zinajulikana, na ndivyo tulivyofundishwa Jumapili. Lakini wale watu hamsini waliuawa pamoja naye, isipokuwa wachache waliotoroka. Hawa nao walifungwa. Walikuwa watu wa mwambao waliozoea kubeba mzigo kichwani kwa ujira. Misafara ya siku zile ilichanganya Waislamu wa pwani, Wakristo wa Rabai na Frere Town, na watu wa dini za wazee wao. Mwenye msafara alipochagua njia, wao waliifuata.

Na njia ile, tuseme wazi, ilichaguliwa vibaya. Buganda kulikuwa na hofu ya zamani kwamba watakaoiteka nchi watatokea mashariki, upande wa Busoga. Wamisionari waliokuwa Buganda waliijua hofu hiyo na wakaandika kumwonya askofu asipite huko, lakini onyo halikumfikia kwa wakati. Hannington alikuwa shujaa, mcheshi na mwenye haraka. Hatumpunguzii ushujaa wake. Ila sisi ambao maisha yetu yameamuliwa mara nyingi na watu wenye haraka, hatuwezi kusoma habari zake bila kuwafikiria waliokuwa nyuma yake na mizigo.

Yuko mwingine katika msafara ule ambaye tungependa kila mkazi wa kambi amjue. Aliitwa William Jones. Alikuwa Mwafrika, aliyekamatwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini na manowari za Waingereza, akalelewa Nasik katika nchi ya India. Walioletwa Mombasa kutoka huko waliitwa Waafrika wa Bombay. Mei 1885 Hannington alimpa ushemasi, yeye na mwenzake Ishmael Semler, na miezi michache baadaye akamwacha Kwa Sundu kuwa mkuu wa wapagazi waliobaki, zaidi ya mia moja, katika nchi ya ugenini.

Habari za mauaji zilimfikia hapo. Waliotoroka walikuja wakazieleza, wengine hawakutaka kuamini. Jones alingoja wiki kadhaa, labda atatokea mwingine aliye hai. Kisha akawaongoza watu wake kurudi pwani kwa njia ile ile ndefu, akafika Rabai mwanzoni mwa Februari 1886. Mbele ya msafara walibeba bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Wasomaji wa kitabu cha kwanza cha Samweli wanalijua jina hilo, alilopewa mtoto aliyezaliwa siku ya msiba, kwa maana ya kwamba utukufu umeondoka. Kilichotugusa sisi ni kwamba wapagazi wale, ambao wangeweza kutawanyika kila mtu na njia yake, waliingia Rabai pamoja.

Wala kazi ya Jones haikuishia hapo. Rabai ya miaka ile ilikuwa kambi ya wakimbizi, ingawa hapakuwa na shirika wala kadi ya mgao. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walijificha kati ya Wakristo, wakalima, wakajenga. Mabwana zao walipowadai, mwaka 1888, hatari ya kumwagika damu ilikuwa kubwa. Jones alikuwa mchungaji wao. Hatimaye zililipwa fedha kwa mabwana, na mwanzoni mwa 1889 watu zaidi ya elfu moja wakapewa hati za uhuru. Mtu aliyekuwa mtumwa mwenyewe, kisha mkimbizi, alisimama na watumwa na wakimbizi. Hatujapata kuliona jina lake katika kalenda yoyote ukutani.

Wakatoliki wetu nao wana mtu wa kumtaja katika habari hii hii. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mkuu wa watumishi katika jumba la Mwanga. Alimwambia Kabaka waziwazi kwamba amekosea kumuua mgeni bila hata kumpa nafasi ya kujieleza, na tarehe 15 Novemba 1885 akauawa, akiwa wa kwanza kufa kati ya wafiadini Wakatoliki wa Uganda. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu, wote 22. Tafadhali angalieni jambo hili, maana hapa kambini tumegombana hata kuhusu saa za kutumia jengo la ibada: Mkatoliki alikufa kwa sababu hakunyamaza juu ya damu ya askofu wa Kiprotestanti. Kila mwaka mahujaji kutoka Kenya hupita Busia na Malaba kwa miguu kwenda Namugongo kwa sikukuu ya 3 Juni, na watu wa njiani huwapa maji.

Sasa turuke hadi 1977, maana wazee wa Tororo tuliowakuta Mulanda walituhadithia mwaka huo kuliko mwingine wowote. Februari ya mwaka huo serikali ya Idi Amin ilidai kwamba silaha zimepatikana karibu na nyumba ya Askofu Yona Okoth wa Bukedi, hapo Tororo, na kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum yumo katika njama. Maaskofu waliandika barua ya kumpinga Amin. Tarehe 16 Februari Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, huyu wa pili akiwa mtu wa Tororo. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Namirembe lilichimbwa kaburi kando ya kaburi la Hannington, lakini maiti haikutolewa. Ilizikwa Mucwini, Kitgum, na waombolezaji wa Kampala wakasimama mbele ya shimo tupu. Leo 16 Februari ni siku ya mapumziko kwa taifa zima.

Askofu Okoth alikimbilia Kenya. Baadaye alirudi, akawa Askofu Mkuu wa Uganda kuanzia 1984 hadi 1995. Habari za kukimbia kwake zimeandikwa katika mstari mmoja au miwili ya vitabu, lakini mtu anayetafutwa havuki mpaka kwa ujuzi wake mwenyewe. Sisi tulivuka, tunajua. Yuko anayefungua mlango, yuko anayesema njia hii ina askari pitia kule, yuko anayekaa kimya akiulizwa. Maelfu ya Waganda walivuka upande ule miaka hiyo, wakapokelewa Busia, Bungoma na kwingineko, katika nyumba za watu ambao wenyewe hawakuwa na kitu.

Ndiyo maana Januari 2008 tulipokuja kwa njia ile ile, sisi tukielekea magharibi, mzee mmoja wa Tororo alitupa uji akasema, "Zamani nilikunywa wa kwenu."

Neno bodaboda, kwa asiyejua, lilizaliwa Busia. Vijana wa baiskeli walikuwa wakivusha abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Siku zile za Januari tuliwaona wakiwapakia wagonjwa na vikongwe nyuma, na wengine walikataa nauli. Wengine walitoza mara mbili, na hilo pia tuliseme, kwa kuwa historia isiyotaja waliotoza mara mbili haitaaminika inapowataja waliokataa nauli. Tulikuwa na hasira kiasi kwamba hatukumuuliza yeyote jina. Tarehe 1 Januari watu walikuwa wamechomwa ndani ya kanisa Kiambaa, karibu na Eldoret, na wengi wetu tuliapa kutokanyaga tena kanisani pamoja na watu wa namna fulani. Kuna walioshika kiapo hicho mpaka leo.

Kikao cha pili kimekaa. Hakikuamua nani ni mtakatifu. Kazi hiyo inahitaji mashahidi, hati na miaka mingi, kama wanavyojua wanaofuatilia habari za Kardinali Maurice Otunga wa Bungoma, aliyefariki 2003. Kilichokubaliwa ni kwamba atasomwa Hannington pamoja na wapagazi wake, Balikuddembe, Luwum, na William Jones. Baada yao litasomwa daftari, na ndugu zetu wa Kipentekoste wamekubali kulisoma wao, kwa kuwa wengi wa watakaotajwa humo wako hai.

Daftari liko kwa katibu wa kamati, kila siku baada ya saa nane. Asiyejua kuandika ataandikiwa. Mstari wa pili unasema: "Kijana wa baiskeli nyekundu, Busia." Mstari wa kwanza uliandikwa na yule mama mjane. Hakutaja jina, kwa maana mtu yule angali anaishi kati ya watu wake, na sifa za huku zaweza kumletea matatizo kule. Ameandika: "Mwenye ghala."